Wazee Kazini, Vijana Mlangoni: Kustaafu na Uhaba wa Wafanyakazi Katanika

Tangu Korona ilipotulia, nchi tajiri zimekuwa na kilio kimoja: wafanyakazi hawatoshi. Nchini Marekani, mchumi mmoja wa Benki ya Akiba ya Shirikisho ya St. Louis, tawi la benki kuu ya nchi hiyo, alikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 2 walistaafu kabla ya wakati ambao wangestaafu kama ugonjwa usingekuja. Nchini Uingereza, watu wa miaka 50 hadi 64 walioacha kazi bila kutafuta nyingine wakawa hoja bungeni na magazetini. Hospitali, hoteli na viwanja vya ndege vilikosa mikono. Wengi wa wazee hao walikuwa na pensheni, akiba benki, na nyumba ambazo bei yake ilikuwa imepanda. Walipouogopa ugonjwa, au walipochoka, waliaga wakaenda nyumbani.

Swali hilohilo la kustaafu lini likifikishwa Katanika, pembezoni mwa mji wa Kalemie, mashariki mwa Kongo, linabadilika sura. Wimbi la wazee walioaga kazi halikuonekana hapa. Walioonekana ni wazee walioshindwa kuondoka: walimu waliokwisha pita umri wa sheria, wauguzi wenye nywele nyeupe, mafundi wa reli wanaongoja hesabu zao za mwisho. Pamoja nao kuna uhaba wa wafanyakazi, tena mkali, katikati ya umati wa watu wasio na ajira. Naona mambo hayo mawili yana mzizi mmoja. Siku ya kustaafu ya mtumishi wa Kalemie haitegemei sana umri, afya wala hamu yake. Inategemea kama kuna fedha za kumlipa anapoondoka. Zisipokuwapo, mzee habanduki kitini, na kijana anayefanya kazi pembeni yake haandikwi.

Kwanza tuitazame Katanika yenyewe. Vita vya Watwa na Waluba vilipochacha kuanzia katikati ya mwaka 2016, vijiji vya Nyunzu, vya Kalemie vijijini na vya kwingineko katika mkoa mpya wa Tanganyika vilichomwa moto, na watu wakakimbilia mjini. Mkoa ulikuwa mchanga mno. Ulizaliwa mwaka 2015 pale Katanga ilipogawanywa. Mwezi Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini, katika daraja la juu kabisa la dharura. Katanika ikawa moja ya sehemu kubwa za kupokea waliokimbia: vibanda vya nyasi na maturubai, baadaye vya udongo, na familia ambazo miaka baadaye bado hazijajua zitarudi lini. Wengi ni wakulima. Walikuja na nguvu zao na ujuzi wao wa ardhi, ardhi yenyewe wakaiacha nyuma.

Kwa hiyo ukisema “uhaba wa wafanyakazi” mbele ya mtu wa Katanika, atakushangaa. Alfajiri wanaume na wanawake hutoka kwenda kutafuta kibarua: kulima shamba la mwenyeji kwa malipo ya siku, kubeba mizigo, kufyatua matofali, kuchoma makaa, kuuza kuni. Nguvu zipo nyingi kuliko kazi, na malipo ya siku yamebaki chini kwa sababu nyuma ya kila anayekataa wamejipanga wengine. Kinachokosekana ni watu waliofunzwa na kuandikwa kazini wakalipwa: mwalimu wa darasa la kwanza anayejua kufundisha watoto 80 na zaidi chumba kimoja, muuguzi wa kituo cha afya katika mji ambako kipindupindu hakiishi, fundi wa injini ya treni, dereva wa mashine bandarini. Hao ni wachache, na wengi wao ni wazee.

Shule ndiyo mahali ambapo fundo hili linaonekana waziwazi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilitangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Kabla ya hapo, wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu mgongoni, kwa michango ya kila mwezi ambayo familia ya Katanika haikuweza hata kuiota. Mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa mamilioni nchini kote. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Miezi sita baadaye ikaja Korona: mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, shule zikafungwa wiki iliyofuata, na tarehe 24 Machi rais akatangaza hali ya dharura. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walirudi Agosti, wengine Oktoba. Desemba shule zikafungwa tena, na hazikufunguliwa hadi Februari 2021. Watoto walioingia shule kwa mara ya kwanza kwa sababu ya elimu ya bure walipoteza sehemu kubwa ya miaka yao miwili ya mwanzo.

Miezi hiyo ilikuwa na maana gani kwa walimu? Aliyekuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali alipata mshahara wake, hata kama ulichelewa. Wale wanaoitwa NU, yaani walimu wapya walioajiriwa na shule lakini hawajamekanizwa (hawajaingizwa kwenye orodha hiyo), hawakupata kitu. Matrikula yao, yaani namba ya utumishi, ama haijatoka, ama imetoka bila malipo. Zamani waliishi kwa fedha za wazazi; elimu ya bure ilikuwa imekwisha ziondoa, na Korona ikaondoa hata shule. Vijana wengi waliofunzwa ualimu waliingia kwenye pikipiki za abiria, kwenye biashara ya dagaa wakavu, au wakaenda Lubumbashi na Kolwezi kutafuta kazi migodini. Shule zilipofunguliwa, wengine hawakurudi, na siwezi kuwalaumu. Mtu hawezi kufundisha mwaka wa pili na wa tatu kwa ahadi.

Wazee walirudi wote. Hapo ndipo tofauti yetu na Marekani ilipo: kule ugonjwa uliwatoa wenye umri mkubwa, hapa uliwatoa vijana. Mwalimu wa miaka 67, aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa Korona, alisimama tena mbele ya darasa lililojaa, bila chanjo. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca mwezi Machi 2021, ikachelewa kuanza hadi Aprili, na mwishowe milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika. Mzee yule hakurudi kwa ujasiri peke yake. Alirudi kwa sababu mshahara mdogo wa kila mwezi ulikuwa bora kuliko kustaafu bila kulipwa.

Sheria ina majibu yaliyo wazi. Sheria ya Julai 2016 kuhusu watumishi wa serikali inasema mtumishi anastaafu akifika umri wa miaka 65 au akitimiza miaka 35 ya kazi. Kwa wafanyakazi wa kampuni na mashirika, sheria nyingine ya mwezi huohuo iliweka umri wa miaka 60 kwa wanaume na wanawake. Zamani mwanamume alingoja hadi 65. Mfuko wao, uliojulikana kwa miaka mingi kama INSS, sasa ni CNSS. Mwajiri huchangia asilimia 13 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Kati ya hizo, asilimia 10 ndiyo ya pensheni. Watumishi wa serikali wakaundiwa mfuko wao, CNSSAP, kwa amri ya Desemba 2015, na mwaka 2022 sheria yake maalumu ikatiwa sahihi. Kabla ya hapo mtumishi wa serikali hakuwa akichangia. Aliyestaafu alikuwa akingoja bajeti ya taifa imkumbuke.

Chukua mwalimu aliyezaliwa 1960 akaanza kazi 1982. Mwaka 2017 alitimiza miaka 35 ya kazi. Mwaka 2025 alifikisha umri wa miaka 65. Sehemu kubwa kabisa ya utumishi wake ilipita kabla mfuko wa michango haujaundwa, maana yake deni lake liko kwa hazina ya serikali na si kwenye akaunti iliyojaa fedha alizokatwa. Ili aondoke kwa heshima, serikali lazima ilipe kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja, kisha mfuko uanze kumlipa kila mwezi. Wizara ya Utumishi wa Umma, chini ya Jean-Pierre Lihau tangu 2021, ilianza kuwastaafisha watumishi kwa mafungu na kuwalipa, na hilo lastahili sifa kwa sababu miaka mingi kabla yake mtu alistaafishwa kwa karatasi tu. Lakini mafungu huanza na vyeo vya juu na huanza Kinshasa. Kutoka Kinshasa mpaka Kalemie hakuna barabara ya kupita moja kwa moja, na mafaili huchelewa kuliko watu.

Faili lenyewe ni mtihani. Wengi wa kizazi cha uhuru hawakuandikwa siku waliyozaliwa. Katika karatasi zao pameandikwa kwamba walizaliwa “mnamo” mwaka fulani. Barua ya kwanza ya ajira, barua za kupandishwa cheo, hati ya ndoa kwa ajili ya mjane wa kesho: vyote hivyo vinatakiwa. Aliyekimbia moto Nyunzu mwaka 2017 alibeba watoto na sufuria. Mwalimu aliyepoteza karatasi hizo anaweza kufundisha bila tatizo lolote, kwa sababu jina lake liko kwenye orodha ya SECOPE, idara ya malipo ya walimu ambayo baadaye ikaitwa DINACOPE. Siku atakayoomba kustaafu ndiyo siku atakayogundua kwamba hawezi kuthibitisha alianza lini. Kwa hiyo anaendelea kufundisha, na mkuu wa shule, direkta wake, anamwacha, kwa kuwa akiondoka yule hakuna uhakika kwamba nafasi yake kwenye orodha itampata kijana aliye hapo. Inaweza kuhamia shule nyingine, hata mkoa mwingine.

Hili la nafasi kuhama linauma kuliko watu wa mbali wanavyofikiri. Mara nyingi vijana hulaumu wazee: “Wametukalia viti.” Nimesikia hasira hiyo na ninaielewa, lakini inamwangukia mtu asiyestahili. Katika shule nyingi mzee na kijana wanafundisha pamoja, mmoja analipwa na mwingine halipwi, na mzee humpa kijana kitu kidogo mfukoni mwake ili amshikie darasa siku mgongo unapomkatalia. Kwa njia hiyo mshahara mmoja umegawanywa kwa watu wawili, na serikali inahesabu mwalimu mmoja. Takwimu zinaonyesha kuna mwalimu. Ukweli ni kwamba kuna mgonjwa anayelipwa na mzima asiyelipwa.

Kwa nini watu wa huku hawaamini pensheni hata pale sheria inapokuwa nzuri? Kwa sababu wameona fedha zikifa. Mwaka 1993, katika nchi iliyoitwa Zaire, zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaire 1 mpya. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa karibu asilimia 9,800. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, na zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Kwa hesabu hiyo, faranga 1 ya 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za mtu aliyekuwa akichangia INSS miaka ya 1980. Mzee aliyefanya kazi Filtisaf, kiwanda cha nguo kilichowahi kuwa fahari ya Kalemie, au katika kampuni za reli na bandari, alichanga kwa sarafu ambayo haipo tena. Hata katika Korona yenyewe watu walirudishiwa kumbukumbu hiyo: mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa karibu na faranga 1,700, mwisho wa mwaka ilikaribia 2,000. Mshahara wa mwalimu haukupanda kwa kadiri hiyo. Pensheni ya faranga isiyoongezwa kufuatana na bei humwacha mstaafu akipungukiwa kila mwaka, na wanaopokea hizo za zamani wanajua kwamba nauli ya kwenda kuzifuata inaweza kuzimaliza.

Kuna somo jingine, la hapa hapa Katanga ya zamani, ambalo kila mtu wa reli na wa mgodi analijua. Mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipokuwa imezama na mishahara haijalipwa miezi mingi, Benki ya Dunia iligharamia mpango wa kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi 10,655 walitia sahihi. Walipewa kati ya dola 1,900 na 30,000, kufuatana na cheo na miaka, na kwa kutia sahihi waliachana na kampuni pamoja na shule na hospitali zake. Kwa wengi mkupuo ule ulionekana mkubwa siku ya kwanza. Ukalipa madeni, ukanunua gari la abiria lililoharibika, ukafungua duka lililofilisika kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umefungua maduka wiki ileile. Baadaye waliunda umoja wa kudai kilichobaki, wakadai kwa miaka. Neno “hiari” halikuwa la kweli kwa mtu ambaye watoto wake wamekaa bila ada. Tangu wakati huo, mfanyakazi wa Kalemie akiambiwa “chukua hizi uende,” anauliza kwanza nini kitaingia nyumbani mwezi wa saba, wa nane, na mwaka wa tano.

Reli ya Kalemie ilipita njia inayofanana. Njia ya Kabalo hadi Ziwa Tanganyika ilikamilika mwaka 1915 na ndiyo iliyoufanya mji huu uwe mlango kati ya bonde la Kongo na Kigoma, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam. Chini ya SNCC, kampuni ya reli ya taifa, treni zimekuwa chache na mishahara imekusanyika kama deni. Benki ya Dunia ilipoidhinisha mwaka 2010 mradi wa usafiri wa dola milioni 255, sehemu ya fedha ililenga kuwalipa wazee wa reli waliokwisha stahili kustaafu, kwa sababu kampuni isingeweza kupumua ikiwa nao. Ni jambo jema kulipa. Hata hivyo, injini ya zamani ina tabia zake, na mtu anayezijua ni yule aliyeishi nayo miaka 30. Kijana hakuwekwa pembeni yake mwaka mmoja au miwili ili ajifunze, maana kumwajiri kijana wakati mzee bado hajalipwa kungekuwa kuongeza deni. Wanaume wale walipoondoka, au walipokufa wakingoja, walichukua ujuzi wote.

Kuhusu Korona yenyewe, Tanganyika haikuandikisha wagonjwa wengi. Ugonjwa uliandikwa zaidi Kinshasa, Haut-Katanga na Kivu. Ninachokiona kizito zaidi ni yale yaliyofuata. Mipaka ilipofungwa kwa abiria, biashara ndogo za kuvuka ziwa zilivunjika, na wajane na wastaafu wengi walikuwa wakiishi kwa hizo. Maji ya ziwa yakapanda mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, yakaingia nyumba za ufukweni na eneo la bandari, na nyumba ya ufukweni ilikuwa ndiyo akiba ya uzeeni ya watu wengi: vyumba viwili vya kupangisha. Juni 2022 MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ikafunga kazi zake Tanganyika na kuondoka. Pamoja nayo zikaondoka ajira za madereva, walinzi, wakalimani na wapishi. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, mashirika mengi yaliyokuwa yakiajiri wauguzi na wahamasishaji kwenye kambi kote mashariki mwa Kongo yalipunguza watu. Kila mara kijana alipokosa mshahara wa namna hiyo, mzee mmoja nyumbani alilazimika kuongeza mwaka mwingine kazini. Ndiyo maana naona ni kosa kuchambua kustaafu kama uamuzi wa mtu mmoja. Mshahara wa babu unalisha watu kumi au zaidi, na baraza la familia ndilo linaloketi kuamua, hata kama sahihi ni yake.

Haya yote ni ya watu wenye matrikula. Wengi wa Katanika hawajawahi kuwa nayo na hawataipata: wakulima, wavuvi, wachuuzi, wachoma makaa. Kwao kustaafu kulikuwa na utaratibu wake wa zamani, na haukuwa mbaya. Mzee alianza kwa kuwaachia watoto shamba la mbali akabaki na la karibu na nyumba. Akaacha kulima akabaki kuamua nani alime wapi. Mwishowe akaletewa bukari na migebuka na mwanawe, na kilicholetwa kilikuwa haki yake kwa sababu ardhi ilikuwa yake. Vita viliivunja haki hiyo mahali penyewe pa msingi. Mzee aliyekimbilia Katanika hana ardhi ya kugawa. Mwanawe analima shamba la mtu mwingine kwa kibarua, na kibarua kinalisha mtu mmoja. Kwa hiyo unaona mabibi wa miaka 70 wakitembea na kuni kichwani. Wakati huohuo, huko vijijini mashamba yaliyoachwa yanakosa watu wa kuyalima, na mji wa Kalemie unakula kwa bei ghali. Upungufu wa nguvukazi uko kule, nguvukazi iko huku, na kinachozuia ni hofu ya kurudi na ugomvi wa nani sasa anadai kuimiliki ardhi ile. Hakuna mfuko wa pensheni utakaotatua hilo. Usalama na kurudishiwa ardhi ndiyo pensheni ya mkulima, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Wanawake wamefichwa zaidi. Mjane wa mwalimu ana haki ya sehemu ya pensheni ya mumewe, lakini anatakiwa kuleta hati ya ndoa ya kiserikali, na ndoa nyingi zilifungwa kwa mahari na kanisani au msikitini tu. Hapo likelemba, ule mchango wa zamu wa akina mama sokoni, ndiyo bima pekee. Inafanya kazi vizuri mpaka mwanachama anapozeeka na kushindwa kuchanga. Siku hiyo zamu yake inakwisha.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wamepita kwenye mgogoro wao, na tunaweza kujifunza. Tanzania iliunganisha mifuko yake mwaka 2018 ikabaki na PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa wengine. Mtumishi anaweza kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kanuni mpya ya kikokotoo cha pensheni ilipotaka mstaafu apewe asilimia 25 tu kwa mkupuo na zilizobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi, kelele zilikuwa kubwa hata Rais Magufuli akaisimamisha Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Wataalamu wa mifuko walikuwa na hoja: mkupuo mkubwa huliwa haraka, kama ilivyotokea kwa watu wa Gécamines. Wafanyakazi nao walikuwa na hoja: ukishaona serikali ikibadilisha hesabu katikati ya safari, unataka chako mkononi leo. Kinachonivutia ni kwamba huko ugomvi ni wa asilimia ngapi. Kalemie bado tunagombania kama fedha zipo.

Kuna wanaosema dawa ni kupandisha umri, kwa kuwa wazee bado wanahitajika na vijana hawana uzoefu. Nchi ambazo wazee wamezidi zina sababu ya kufanya hivyo. Kongo ni nchi ambayo nusu ya watu hawajafika miaka 18, na wenye miaka 65 na zaidi ni kama 3 tu katika kila 100. Mzigo wa kuwalipa wazee wachache hivyo hauwezi kulishinda taifa lenye shaba, kobalti, na lithiamu ya Manono ambayo imo katika mkoa huuhuu wa Tanganyika. Tatizo ni mpangilio wa nani analipwa kwanza. Na uzoefu haupatikani kwa kungoja nje. Unapatikana kwa kukaa na mwenye nao.

Ningekuwa na sauti katika ofisi ya mkoa, ningeanzia na mafaili, kwa sababu hayo hayahitaji kungoja Kinshasa. Mahakama za Kalemie zina uwezo wa kutoa hukumu zinazosimama badala ya cheti cha kuzaliwa. Zitoke ziende Katanika na sehemu nyingine za waliokimbia, zikae huko siku kadhaa, ziwaandikie watumishi na wajane wote kwa pamoja bila kuwatoza. Orodha za malipo za zamani zitumike kuthibitisha mwaka wa kuanza kazi kwa mtu aliyepoteza barua. La pili ni la Kinshasa na ni gumu zaidi: kila nafasi inayoachwa na mstaafu ibaki katika shule ileile, ijazwe na NU aliyefundisha hapo muda mrefu kuliko wenzake, na jina lake liingie kwenye malipo mwezi uleule ambao la mzee linatoka. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa elimu ya msingi mwezi Juni 2020, na sehemu ya fedha hizo ilifungwa na matokeo ambayo serikali ilipaswa kuonyesha. Kustaafisha kwa malipo na kumekaniza papo hapo lingekuwa tokeo linaloonekana kwa macho na kila mzazi.

Tena mzee asiondolewe siku moja. Mwaka wa mwisho ungekuwa wa kukabidhi: nusu ya vipindi vyake apewe kijana, alipwe kamili, afundishe kufundisha. Hospitali na reli zinahitaji utaratibu huo kuliko hata shule. Gharama yake ni mshahara wa pili kwa mwaka mmoja, na leo tayari kuna mtu wa pili kazini. Tofauti ni kwamba anayemlipa ni mzee kutoka mfukoni.

Na mifuko yenyewe itoke kwenye ofisi zake. Mwalimu aliyeandikwa kazini kwenye wimbi la 2019 atatimiza miaka 35 ya kazi mwaka 2054. Anachangia CNSSAP sasa hivi, lakini ukimuuliza ana kiasi gani huko, hana karatasi wala ujumbe wa simu wa kukuonyesha. Simu anayo, na wengi wa wenzake hupokea mshahara kupitia benki au simu. Kumtumia kila mwaka taarifa ya michango yake, kwa faranga na kwa thamani yake ya dola, ni kazi ya kompyuta moja. Akiiona inaongezeka mwaka hadi mwaka, ataanza kuamini. Akiiona imesimama, atakuwa na miaka ya kutosha ya kwenda kuuliza, kabla nywele hazijageuka nyeupe na faili halijapotea.